Kutunza Mipangilio na Zana za Mtunzi wa Programu

Mkulima wa Karagwe au wa Kyerwa anapofungua kibanja kipya hahamishi shamba lote la zamani. Huchagua machipukizi machache yenye afya kutoka katika migomba anayoijua vizuri, akayachukua pamoja na jembe na panga lake, na baada ya muda kibanja kipya huanza kuzaa ndizi zile zile alizozizoea. Kinachohama ni mbegu, zana na ujuzi. Udongo na mvua huvikuta huko huko aendako.

Mtu atungaye programu za kompyuta naye hujijengea kibanja chake ndani ya mashine. Huchagua programu ya kuandikia, hufupisha amri ndefu anazozitumia kila siku, hueleza lugha na saa anayoitaka, na hukusanya zana zinazomfaa. Kazi hii hufanyika kidogo kidogo kwa miezi mingi, na aghalabu mwenyewe hatambui kwamba ameifanya mpaka siku anapoipoteza. Makala haya yanaeleza mipangilio hiyo ni nini, huwekwa wapi, na namna ya kuitunza ili kupotea kwa kompyuta kusiwe kupotea kwa kazi ya mtu.

Tatizo lenyewe

Chukulia kuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu mjini Kayanga anatunga programu ndogo ya kuweka kumbukumbu za mvua. Kompyuta anayoitumia ni ya shule, nayo hutumiwa kwa zamu na wanafunzi wengi. Mkoa wa Kagera ulitegemea kwa miaka mingi umeme utokao Uganda, na kukatika kwa umeme ni jambo linalofahamika huko. Siku moja umeme unakatika ghafla, na diski ya kompyuta inaharibika. Au muhula unakwisha, na mwalimu analazimika kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya ili kuondoa virusi.

Pengine mwanafunzi huyu alihifadhi programu yake katika flashi. Hata hivyo atakapokaa mbele ya mashine nyingine atagundua kwamba programu haifanyi kazi kama zamani. Amri fupi alizozizoea hazipo. Tarehe zinaandikwa kwa mtindo mwingine. Zana moja aliyoiweka mwezi wa pili, ambayo hata jina lake hakulikariri, haipo. Itamchukua siku kadhaa kurejea alipokuwa, na baadhi ya mambo hatayakumbuka kabisa. Kosa lake si uvivu. Alihifadhi zao la shamba akasahau kuhifadhi mbegu.

Mipangilio ni nini?

Programu nyingi hutungwa na watu wasiomjua atakayezitumia. Kwa hiyo mtunzi huacha baadhi ya mambo wazi ili kila mtumiaji ajiamulie. Maamuzi hayo ya mtumiaji ndiyo yaitwayo mipangilio. Katika mifumo ya aina ya Unix na Linux, mipangilio hiyo huandikwa katika mafaili ya maandishi ya kawaida, ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua na kuyasoma. Katika Windows, mipangilio mingi ya mfumo huwekwa katika hifadhidata maalumu. Hata hivyo zana nyingi za watunzi wa programu hutumia mafaili ya maandishi huko pia.

Katika Linux kila mtumiaji hupewa folda yake ya nyumbani, na humo ndimo yanamokaa mafaili yake ya mipangilio. Mengi yana majina yanayoanza kwa nukta. Kwa mfano, faili liitwalo .bashrc lina mipangilio ya Bash, yaani programu inayopokea amri zinazoandikwa kwa kibodi; na faili la .gitconfig lina mipangilio ya Git, programu itakayoelezwa baadaye. Nukta hiyo ya mwanzo hulificha faili, hata mtu aorodheshapo yaliyomo katika folda asilione. Kuyaona yote hutumika amri ifuatayo:

ls -a

Asili ya desturi hii ina funzo. Mfumo wa Unix ulianzishwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell Labs nchini Marekani na Ken Thompson na Dennis Ritchie. Rob Pike, ambaye naye alifanya kazi katika maabara hiyo, alieleza mwaka 2012 kwamba kufichwa kwa mafaili yenye nukta hakukupangwa na mtu. Kila folda ya Unix ina alama mbili maalumu: nukta moja, maana yake folda hii hii, na nukta mbili, maana yake folda iliyo juu yake. Mtunzi wa programu ya kuorodhesha mafaili alitaka hizo mbili zisionekane. Badala ya kuzitaja barabara, aliiagiza programu iruke kila jina linaloanza kwa nukta. Njia hiyo ya mkato ikageuka kuwa desturi, na watunzi wengine wakaanza kuficha humo mipangilio ya programu zao. Matokeo yake ni kwamba vitu ambavyo mtu angepaswa kuvitunza kwa makini ndivyo asivyoviona. Ndiyo maana husahauliwa mtu anakiliapo kazi yake.

Saa ya Murongo na mpaka wa wilaya

Je, mipangilio ni mapambo tu? Mifano miwili kutoka wilaya hizi yatosha kuonyesha kwamba sivyo.

Mfano wa kwanza ni saa. Wilaya ya Kyerwa inapakana na Uganda na Rwanda. Tanzania na Uganda hutumia saa inayotangulia saa ya dunia, yaani UTC, kwa saa tatu. Rwanda hutangulia kwa saa mbili tu. Simu ikinasa mtandao wa ng'ambo na kuchukua saa ya huko, au kompyuta ikikisia mahali ilipo kutokana na mtandao, huenda ikaonyesha saa ya Rwanda ilhali mwenyewe yuko Tanzania. Sasa fikiria shule mbili, moja Kayanga na nyingine karibu na mto Kagera, zinazopima mvua. Vipimo vya mvua husomwa saa tatu asubuhi, yaani 09:00. Iwapo kompyuta ya shule ya pili imekisia vibaya, kumbukumbu zake zitaonyesha 08:00, na mtu atakayezilinganisha mwaka ujao hataweza kujua kama kipimo kilisomwa mapema au saa ndiyo iliyokosea. Dawa yake ni mistari miwili katika faili la .bashrc:

export TZ=Africa/Dar_es_Salaam
export LANG=sw_TZ.UTF-8

Mstari wa kwanza huzieleza programu zinazoanzishwa na mtumiaji huyo zifuate saa ya Tanzania, bila kujali mashine iko wapi. Mstari wa pili huomba Kiswahili cha Tanzania, hata majina ya siku na miezi yaandikwe kwa Kiswahili pale ambapo mfumo umewekewa lugha hiyo. Yafaa kukumbuka kwamba mpangilio huu hautafsiri kitu. Huchagua tu kazi ambayo watu wameshaifanya. Mwaka 2004, kwa mfano, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo.

Mfano wa pili ni jina la wilaya. Kabla ya mwaka 2012 Murongo, Nkwenda na Kaisho zilikuwa katika wilaya ya Karagwe. Mwaka huo Kyerwa ikawa wilaya mbali. Mtunzi aliyeandika neno Karagwe katika sehemu ishirini za programu yake alilazimika kuzitafuta zote ishirini, na kama aliiacha moja, programu iliendelea kutoa taarifa za uongo bila kulalamika. Mwenzake aliyeliweka jina hilo katika faili la mipangilio alibadilisha mstari mmoja tu:

wilaya = Kyerwa
kituo = Murongo
saa_ya_kusoma = 09:00

Mabadiliko hayo hayakupaswa kugusa vipimo vya mwaka 2011, maana mvua ya mwaka ule ilinyesha Karagwe. Kwa hiyo kanuni inayopatikana hapa ina pande mbili. Kinachobadilika kitenganishwe na kisichobadilika. Na kila badiliko liwekewe tarehe na sababu yake.

Makundi manne

Anayetaka kutunza kibanja chake cha kompyuta hana budi kwanza kupambanua vitu vilivyomo. Viko vya namna nne, na kila namna ina matunzo yake.

Kundi la kwanza ni mipangilio yenyewe. Haya ni mafaili madogo ya maandishi, nayo yahifadhiwe yote pamoja na historia yake.

Kundi la pili ni zana, yaani programu zilizowekwa katika mashine. Hizi ni kubwa, na hupatikana tena kwa watengenezaji wake. Kwa hiyo si lazima kuzibeba zenyewe. Inatosha kuandika orodha ya majina yake na kazi ya kila moja.

Kundi la tatu ni kazi, kama vile programu ya mvua na vipimo vyake. Hii itunzwe mbali na mipangilio, kwa sababu vipimo ni mali ya shule na mipangilio ni ya mtu.

Kundi la nne ni siri: maneno ya siri na funguo za kuingilia katika mashine nyingine. Hizi zisichanganywe kamwe na makundi mengine.

Hesabu ndogo itaonyesha faida ya kutenganisha kundi la kwanza na la pili. Tuseme mtu ana mafaili 40 ya mipangilio, kila moja likiwa na wastani wa baiti 2,000. Jumla ni baiti 80,000. Flashi ya gigabaiti 8 ingeweza kubeba nakala 100,000 za mafaili hayo. Kwa mtandao dhaifu upitishao kilobiti 100 kwa sekunde, mafaili yote yangepita kwa muda wa sekunde 6.4. Lakini nakala ya mfumo mzima wenye gigabaiti 4, kwa mtandao huo huo, ingechukua sekunde 320,000, yaani siku tatu na saa 17 hivi, endapo umeme haungekatika hata mara moja. Ni dhahiri kwamba anayesubiri mpaka aweze kuhifadhi kila kitu hatahifadhi chochote.

Hata hivyo orodha ya zana peke yake haitoshi mahali ambapo mtandao ni haba. Shule yafaa iwe na diski moja yenye vifurushi vya zana zinazotumika na wengi. Na mtunzi mwenyewe ajizoeze kutumia zana chache anazozielewa barabara. Kila zana anayoiongeza ni kitu kimoja zaidi cha kutafuta siku ya msiba.

Kuandika historia

Njia rahisi ya kuhifadhi faili ni kulinakili na kulipa jina jipya kila siku. Baada ya mwezi kutakuwa na mafaili thelathini, na hakuna ajuaye lipi lilikuwa zuri. Kwa sababu hiyo watunzi wengi hutumia Git, programu ya kutunza historia ya mafaili iliyotungwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Git huhifadhi kila hatua pamoja na jina la aliyefanya badiliko, tarehe, saa na tofauti yake na UTC, na maelezo mafupi ya sababu. Kila hatua hupewa alama yake, kwa kawaida yenye herufi na tarakimu 40, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Yaliyomo yakibadilika japo kwa herufi moja, alama nayo hubadilika.

Namna ya kuanza ni hii. Hutengenezwa folda moja, faili la mipangilio huhamishiwa humo, kisha kiungo huwekwa mahali pa zamani ili programu iendelee kulipata:

mkdir ~/mipangilio
mv ~/.bashrc ~/mipangilio/bashrc
ln -s ~/mipangilio/bashrc ~/.bashrc

Ndani ya folda hiyo huanzishwa historia:

cd ~/mipangilio
git init
git add bashrc
git commit -m "Saa ya Tanzania, isifuate mtandao wa ng'ambo"

Maelezo yaliyo katika mstari wa mwisho ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Neno kama "mabadiliko" halimsaidii mtu. Sentensi itajayo sababu itamwokoa mwandishi mwenyewe mwaka ujao, atakapojiuliza kwa nini mstari ule upo na kama anaweza kuufuta.

Mwisho, nakala ya folda hiyo iwekwe katika sehemu mbili zaidi, na moja iwe nje ya jengo lenye kompyuta. Wizi au moto ukifika haubagui kati ya mashine na flashi iliyo mezani kando yake.

Tahadhari moja inazihusu kompyuta za zamu. Git huchukua jina la mtumiaji kutoka faili la .gitconfig lililo katika folda ya nyumbani. Pale ambapo wanafunzi wote huingia kwa jina moja la kompyuta, kazi ya kila mmoja huandikwa kwa jina la yule aliyepanga Git kwanza. Mwanafunzi mwenye bidii hukosa ushahidi wa kazi yake, na aliyekosea hukosa kuonekana. Kwa hiyo kila mwanafunzi apewe akaunti yake.

Mnyauko katika mipangilio

Wakulima wa Kagera wanaujua mnyauko bakteria wa migomba, ulioingia mkoani humo katika miaka ya 2000. Huenea kwa machipukizi yaliyotoka katika shina lenye ugonjwa, na kwa panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima bila kusafishwa kwa moto au dawa. Chipukizi linaweza kuonekana la kijani na lenye nguvu, kumbe limebeba ugonjwa.

Mipangilio nayo huambukiza. Faili la .bashrc linaonekana kama orodha ya matakwa tu, lakini kwa kweli ni programu: kila mstari wake hutekelezwa mtumiaji afunguapo dirisha la amri. Anayenakili mistari asiyoielewa kutoka kwa mtu asiyemjua amempa mtu huyo ruhusa ya kutoa amri katika kompyuta yake. Mstari mmoja waweza kufuta mafaili au kupeleka siri mahali pengine. Kuazima si vibaya, na watunzi wengi wamejifunza kwa kusoma mipangilio ya wenzao. Lakini kila mstari unaoazimwa usomwe, ueleweke, kisha uingizwe peke yake na kujaribiwa. Ukileta hitilafu, historia itaonyesha ni upi.

Kuhusu siri, sifa ya Git ya kutosahau hugeuka kuwa hatari. Mtu akiweka neno la siri katika folda ya mipangilio kisha akalifuta kesho yake, neno hilo bado limo katika historia, na kila aliye na nakala anaweza kulisoma. Likishatoka, dawa ya kwanza ni kulibadilisha. Vivyo hivyo majina na alama za wanafunzi visiwemo katika folda ya mtu binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na shule nazo hushika taarifa za watu.

Hitimisho

Kompyuta ni chombo cha kupita. Huharibika, huibiwa, huazimwa na huchakaa. Mwanafunzi wa Kayanga aliyetunza mipangilio yake, orodha ya zana zake na historia ya maamuzi yake anaweza kukaa mbele ya mashine yoyote, shuleni kwake, Nkwenda au Dar es Salaam, na kuendelea na kazi siku hiyo hiyo. Asiyetunza huanza upya kila mara, na kila mara huanza na machache kuliko aliyokuwa nayo. Tena jambo hili halihitaji fedha nyingi. Linahitaji mazoea ya kuandika alichofanya na sababu yake, ambayo ndiyo mazoea ya kila mwanasayansi.

Maswali na mazoezi

1. Orodhesha mafaili yote yaliyo katika folda yako ya nyumbani kwa amri ya ls -a. Ni mangapi yanaanza kwa nukta? Chagua moja, ulisome, na ueleze kazi ya mistari yake mitatu.

2. Andika amri hizi mbili, moja baada ya nyingine, na ueleze tofauti ya majibu yake:

TZ=Africa/Kigali date
TZ=Africa/Dar_es_Salaam date

3. Flashi ina gigabaiti 16. Mtu ana mafaili 60 ya mipangilio, kila moja likiwa na baiti 2,500. Flashi hiyo itabeba nakala ngapi?

4. Fungua akaunti mpya katika kompyuta ya shule. Kwa kutumia nakala iliyo katika flashi tu, rudisha mipangilio yako yote. Pima dakika zilizokwenda, na uandike kila kitu ulichogundua kwamba ulisahau kukihifadhi.

5. Jadilini darasani: ni mipangilio ipi ambayo shule yapaswa kuwawekea wanafunzi wote sawa, na ni ipi iachwe kwa hiari ya kila mmoja?